Deni la Mwanafunzi Aendaye Ng'ambo

Kwetu Swima neno "ng'ambo" lina maana mbili. Ya kwanza ni ile ya wavuvi: ng'ambo ya ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma, walikokimbilia ndugu zetu wengi wakati wa vita vya mwaka 1996, na hata leo wengi wangali katika kambi ya Nyarugusu. Ya pili ni ile ya wanafunzi: ng'ambo ya bahari, Ulaya na Marekani, Uhindi na China, penye vyuo vikuu vinavyosifiwa. Kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Serikali yakisha kutangazwa, maana hii ya pili husikika kila mahali: shuleni, pwani, na katika mikutano ya shirika. Kijana asema: "Nataka kwenda kusoma ng'ambo." Mzee wake auliza: "Ukienda, utarudi?"

Neno la kijana humtia mzee hofu, na swali la mzee humkasirisha kijana. Lakini wote wawili wanagusa jambo moja, kila mtu kwa upande wake. Jambo lenyewe ni hili: elimu aipatayo mtu mbali na kwao ni mali ya nani? Ikiwa ni yake peke yake, basi hana deni kwa mtu, na swali la mzee ni la bure. Ikiwa ni ya wale waliompeleka, basi kijana ni kama ng'ombe aliyepelekwa malishoni ili arudi amenona, na mwenye mali aamue la kumfanya. Majibu hayo mawili hayafai. Yafaa tulitafute la tatu, kwa akili tuliyopewa na Mungu na kwa mafundisho ya Kanisa. Maana ushauri juu ya pasipoti na nauli hutolewa kila siku, nao ni wa lazima. Bali ushauri juu ya deni hutolewa kwa nadra, na mara nyingi baada ya mambo kuharibika.

Tamaa ya elimu si dhambi

Kwanza tuondoe wazo moja lisilo la haki. Wako wazee wasemao ya kuwa kijana atakaye kusoma mbali ana kiburi na anawadharau wake. Haiwi hivyo sikuzote. Katika nchi yetu chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954. Cha pili, kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kilifuata mwaka 1956. Kabla ya hapo mlango uliokuwa wazi zaidi kwa masomo ya juu ulikuwa seminari. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo waliokwisha maliza chuo kikuu hawakufika hata 50 katika nchi hii kubwa. Nchi ilizaliwa karibu bila waganga wake, bila wanasheria wake, bila wahandisi wake, na taabu iliyotokana na upungufu huo wazee wetu waliionja. Basi kijana mwenye njaa ya elimu asikemewe kana kwamba ameomba kitu kibaya.

Tena tukumbuke ya kuwa mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa Kanisa alikuwa kijana wa Afrika aliyetafuta masomo mbali. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Baba yake, Patrisi, hakuwa tajiri. Augustino alipokuwa na miaka 16 alikaa nyumbani mwaka mzima bila kusoma, kwa sababu fedha hazikutosha. Na alipokwenda Karthago, tajiri mmoja wa mji wao, jina lake Romaniano, alimsaidia. Mwaka 383 akavuka bahari kwenda Roma, kisha Milano. Huko Milano alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi mwaka 387, na mwaka 388 akarudi Afrika. Alikuwa padre, kisha askofu wa Hippo, na alikufa hapo mwaka 430, mji ukiwa umezingirwa na adui. Tazama basi: kukosa karo, kutafuta mfadhili, kuvuka bahari, mama kulia pwani; mambo hayo hayakuanza kwa vijana wa Fizi.

Na Kanisa halikatazi mtu kusafiri. Papa Yohane XXIII, katika barua yake kwa ulimwengu ya mwaka 1963 juu ya amani, aliitaja haki ya mtu kuhamia nchi nyingine akiwa na sababu za haki. Lakini kuwa na haki ya kwenda ni jambo moja, na kwenda bila kujua unachukua mali ya nani ni jambo jingine.

Deni la namna mbili

Tuchukue mfano. Tuseme yuko baba mvuvi mwenye watoto sita, na mmoja wao, kijana wa kiume, amefaulu vizuri. Baba auza mtumbwi na nyavu zake. Mama auza ndagala na mafuta ya mawese, na kwa miaka miwili aweka akiba bila kujinunulia kitambaa kipya. Mjomba atoa dolari 600 na kusema ni mkopo. Wakristo wa shirika watoa mchango Jumapili moja. Na dada yake, aliyekuwa sekondari, aacha shule, maana fedha hazitoshi kwa wawili. Kijana aondoka. Je, anadaiwa nini, na nani?

Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha ya kuwa yako madeni yanayoweza kupimwa na kulipwa sawasawa, na yako mengine ambayo mtu hawezi kuyalipa yote, hata akiishi miaka mia. La kwanza miongoni mwa hayo ni deni letu kwa Mungu. Baada ya Mungu, asema, tuna deni la namna hiyo kwa wazazi wetu na kwa nchi yetu, kwa kuwa hao walituzaa na kutulea. Fadhila ya kulitimiza deni hili huitwa kwa Kilatini pietas. Sisi twaweza kuiita heshima ya mtoto mwema.

Tulinganishe sasa. Deni la mjomba ni la haki: dolari 600 ni dolari 600. Lina kiasi, lina mwenyewe, na kijana hana budi kulirudisha hata mjomba akinyamaza kwa haya. Dawa ya deni ni kulipa. Kadhalika kama kijana amepewa msaada wa masomo kwa sharti la kurudi na kufanya kazi miaka kadha, sharti hilo lamfunga, maana alilikubali kwa hiari. Atakayelivunja na kusema "wale ni matajiri, hawatahisi kitu" amechukua mali ya kijana mwingine ambaye angepewa nafasi ile.

Lakini mtumbwi wa baba na kitambaa cha mama si mkopo. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa pande mbili. Kijana hujikwaa asemapo: "Nimekwisha watumia dolari 1000, tumemalizana." Haiwezekani kumalizana na mama. Mzazi naye hujikwaa asemapo: "Tumekusomesha, basi kila mwezi tutakuambia kiasi cha kutuma." Kwa maneno hayo ameigeuza zawadi kuwa biashara, na baba amekuwa mfanya biashara wa mtoto wake mwenyewe. Deni la heshima ni kubwa kuliko lile la haki, na kwa sababu hiyo halipimwi kwa mizani ya sokoni. Hulipwa kwa maisha yote: kwa habari ya mara kwa mara, kwa msaada wakati wa ugonjwa, kwa kulitunza jina jema la nyumba, kwa kufanya kazi ambayo wazazi wataweza kuitaja mbele za watu bila aibu.

Yuko bado mmoja tuliyemsahau, naye husahauliwa katika nyumba nyingi: yule dada. Yeye hakukopesha fedha, wala jina lake halikuandikwa katika daftari la michango. Alitoa kitu kisichorudi, nacho ni miaka yake ya shule. Naona deni lake ndilo zito kupita yote. Kijana atakayemlipa mjomba, akamshonea mama nguo, akamjengea baba nyumba ya mabati, lakini asimwulize dada yake, "Sasa nikusaidie nini ili nawe uendelee?" huyo bado hajalipa. Pengine dada amekwisha olewa na hawezi kurudi darasani. Basi ana watoto, na watoto wana karo. Kwa wazazi nasema: kabla ya kumtoa msichana shuleni ili kaka yake asafiri, fikirini sana. Mungu aliwagawia vipaji wote wawili, naye atataka hesabu ya vyote.

Je, kutorudi ni dhambi?

Sasa twafika kwenye swali la mzee: "Utarudi?" Wengi wanadhani jibu la Kikristo ni jepesi: anayerudi ni mwema, asiyerudi ni msaliti. Tulipime neno hili hapa hapa kwetu.

Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi, watumishi wanne wa Mungu waliuawa katika nchi yetu ya Fizi. Baraka waliuawa Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara. Fizi waliuawa Padre Giovanni Didoné na Padre Albert Joubert. Joubert alikuwa mzaliwa wa ukingo wa ziwa hili hili, upande wa Moba. Wale watatu wengine, Wamisionari Waksaveri, walitoka Italia. Waliacha mama zao, lugha yao na chakula chao, na hawakurudi. Tarehe 18 Agosti 2024, pale Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri, na watu wetu walikwenda kwa wingi kushangilia. Je, yuko atakayesema ya kuwa vijana wale watatu waliisaliti nchi yao? Hapana. Basi kuishi na kufa mbali na kwenu, peke yake, si dhambi. Ingekuwa dhambi, sisi tusingalipata Injili.

Tofauti iko wapi? Wao walikwenda mbali ili kujitoa. Mtu anaweza pia kwenda mbali ili kujificha: asisikie simu ya mama, asione dawa zinavyokosekana katika zahanati ya kijiji chake, asiulizwe neno. Wa kwanza na wa pili wote wako mbali, lakini hawako mahali pamoja mbele ya Mungu.

Kwa hiyo tusimhukumu kila aliyebaki. Yuko mkimbizi ambaye nyumba yake iliteketea, naye hana pa kurudi kwa usalama. Yuko aliyeoa huko na ana watoto wanaomtegemea. Yuko anayefanya kazi usiku na mchana na kuwasomesha wadogo zake watatu kwa jasho lake. Hao wajue ya kuwa deni la heshima laweza kulipwa hata kwa mbali, ikiwa linalipwa kweli.

Hata hivyo, wadogo zangu, nisiwadanganye: mizani si sawa pande zote. Mganga mmoja akiongezeka katika mji wa Ulaya, wagonjwa wa huko watangoja muda mfupi zaidi kidogo. Mganga mmoja akiongezeka katika Fizi, wako akina mama watakaopona ambao wangekufa. Pale ambapo haja ni kubwa zaidi, na pale ambapo ulilelewa, pana haki ya kukuita kwanza. Asiyerudi si lazima awe mkosefu. Lakini yeye ndiye anayepaswa kuwa na sababu ya kutorudi, wala si anayerudi kutafuta sababu ya kurudi.

Mfano tunao karibu. Daktari Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Alisomea uganga Burundi, akamaliza mwaka 1983, akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, katika milima ya Uvira. Huko aliona wanawake wakifa kwa uzazi kwa kukosa msaada. Ndipo akaenda Ufaransa, katika mji wa Angers, kujifunza uganga wa akina mama, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Angalia mpango huo: aliona jeraha kwanza, kisha akaenda kutafuta dawa yake. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake, mlinzi wake akauawa, naye akaenda Ulaya pamoja na jamaa yake. Hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki huko. Lakini wanawake wa Kivu, maskini, waliuza matunda na mboga wakachanga fedha za tikiti ya ndege yake, na mwezi wa Januari 2013 akarudi kwao. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Wale mama walijua jambo ambalo msomi husahau upesi: elimu yake ilikuwa yao pia, nao walikuwa tayari kuilipia mara ya pili.

Wala msidhani ya kuwa anayerudi hupokewa kwa ngoma. Wangari Maathai wa Kenya alikwenda Marekani mwaka 1960, akasoma katika chuo cha masista Wabenediktini huko Atchison, Kansas, kisha Pittsburgh. Aliporudi Kenya mwaka 1966 akiwa na barua ya kazi mkononi, alikuta kazi ile amepewa mwingine. Hakupanda ndege tena kwa hasira. Alitafuta kazi nyingine, akaendelea kusoma, na mwaka 1971 akapata udaktari wa elimu, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka 1977 alianza kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa tuzo ile ile ya Nobel. Basi anayerudi ajiandae kukosa kitanda, kalamu, hata mshahara kwa muda. Asirudi akitazamia kushukuriwa. Mlipa deni hangojei shangwe.

Mambo ya kufanya kabla ya safari

Kwa kuwa deni linaanza siku ya kupokea, si siku ya kurudi, matengenezo yake hufanywa kabla ya kuondoka. Haya ndiyo ninayoona yafaa.

Kwanza, ujue jeraha unalotaka kuliponya. "Nataka kwenda Ulaya" si mpango wa masomo. "Nataka kujifunza namna ya kuhifadhi samaki wasioze kabla ya kufika sokoni" ni mpango. Ukikwisha kujua, uliza kama elimu hiyo haipo karibu. Bukavu pana Chuo Kikuu cha Kikatoliki tangu mwaka 1989. Bujumbura na Lubumbashi pia pana vyuo. Ni kweli, vita vimeyafanya hata hayo kuwa magumu: Februari 2025 Bukavu uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Lakini pale inapowezekana, ni busara kusoma hatua ya kwanza karibu na kwenu, na kwenda mbali kwa kile kisichopatikana huku. Mwenye kazi na ujuzi wa kwanza huwa na sababu ya kurudi. Mtoto aliyeondoka na miaka 18, bila kuijua nchi yake kwa kazi, hurudi kama mgeni.

Pili, fanya hesabu ya kweli. Shule zetu hufundisha kwa Kifaransa. Vyuo vikuu vya Tanzania, Uganda na Kenya hufundisha kwa Kiingereza, na Kiswahili chako hakitakusaidia katika mtihani. Balozi nyingi ziko Kinshasa, mbali na Swima zaidi ya kilomita 1400 kwa ndege, na kufika huko ni gharama kubwa kabla ya kuandika hata karatasi moja. Karo si gharama yote: kuna nyumba, chakula, nguo za baridi, na malipo ya ugonjwa. Wala usiseme, "Nitafanya kazi huko nitume fedha." Ubelgiji, kwa mfano, mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa masomo. Fedha za saa hizo zitakulisha kwa shida. Hazitailisha nyumba ya watu tisa. Na mjihadhari sana na watu wanaopita wakiuza nafasi za masomo. Chuo cha kweli kina anwani, kina wanafunzi, na chajibu barua chenyewe. Ulizeni pia kama hati yake inatambuliwa na Serikali yetu. Yule asemaye "nipe fedha leo, maana kesho nafasi imekwisha" mwacheni aende nayo.

Tatu, usidanganye. Wako wanaoomba ruhusa ya mwanafunzi, huku moyoni hawana nia ya kusoma hata siku moja. Kutafuta kazi si aibu, lakini kutia sahihi chini ya uongo ni dhambi, na tena ni kumfungia mlango mdogo wako, maana kila hila inayogunduliwa huwafanya wakubwa wa visa kumshuku kijana mwaminifu atakayefuata. Hata Augustino alipokwenda Roma alimdanganya mama yake, Mtakatifu Monika, akapanda merikebu usiku na kumwacha pwani akiomba. Mungu aligeuza safari ile kuwa ya wokovu, lakini uongo ule Augustino mwenyewe hakuuita wema. Aliuandika pamoja na makosa yake.

Nne, andikeni mapatano. Kabla ya kuondoka, mkae baba, mama, mjomba, na wote waliotoa, pamoja na mzee mmoja wa shirika awe shahidi. Semeni wazi: hiki ni mkopo, utarudishwa baada ya miaka kadha; hiki ni zawadi, hakidaiwi. Semeni pia: wakati wa masomo hatutamwomba fedha, ila kwa msiba au ugonjwa mkubwa. Wengine wataona ni aibu kuandikiana ndani ya ukoo. Aibu kubwa zaidi ni ndugu kuacha kusemezana miaka kumi kwa sababu ya neno ambalo halikusemwa kwa wakati wake.

Tano, ukifika, tafuta kanisa kabla ya kutafuta sinema. Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, aliwaasa watu wa nchi tajiri wawapokee vema vijana wanaokuja kusoma, maana alijua upweke na hatari zao. Lakini mwenyeji hawezi kumpokea asiyejionyesha. Nenda Misa, jitambulishe kwa padre, ingia kwaya. Mtu asiyesali na watu, katika nchi ya baridi, husahau upesi alitumwa na nani.

Neno kwa wazazi

Wazee wetu, mama zetu, nanyi sikilizeni. Mtoto aliye ng'ambo si kisima. Wako vijana walioacha masomo kwa sababu kila juma simu ilileta ombi jipya: bati, mahari ya kaka, deni la duka. Kijana akaona haya kusema "sina", akaacha darasa akafuata kibarua, na mwisho hakuwa na hati wala fedha, naye akaona haya kurudi mikono mitupu. Wengi wa wale mnaowaita wasahaulifu wamefungwa na aibu. Mwambieni mtoto wenu kabla hajaondoka: "Ukishindwa, rudi. Mlango u wazi." Baba yule wa katika Injili hakumwuliza mwanawe mpotevu hesabu ya mali kwanza, alimkimbilia.

Na ninyi vijana, mtakapokuwa mnafunga mizigo, chukueni karatasi mkaandike majina: ya baba na mama, ya mjomba, ya dada, ya wakristo waliotoa fedha zao Jumapili ile bila kutajwa. Karatasi hiyo iwekeni ndani ya kitabu cha sala, msiiache sandukuni. Siku mtakapopata hati ya chuo kikuu, isomeni tena jina kwa jina, kisha mjiulize kwa kila jina: kwa huyu nifanye nini? Wenye heri wa Baraka na Fizi, walioondoka kwao kwa ajili yetu, wawaombee mwende kwa kweli na mwishi kwa kweli. Mungu awabariki.